Kilele cha Mama

Jumatatu, 4 Machi

Leo imethibitika kwamba mimi ni mtu wa maana. Nilikuwa nahisi tu. Sasa nina ushahidi.

Profesa alituita ofisini kwake asubuhi. Wiki ijayo anakuja Mgeni. Anaongoza kituo kikubwa cha leza ng'ambo na anatafuta mtafiti mmoja wa kwenda kufanya naye kazi mwaka mzima. Mmoja tu. Watakaosimama mbele yake kueleza kazi zao ni wawili: mimi na Bi Hakiki.

Bi Hakiki ni mwenzangu wa chumba kimoja cha kazi. Jina hilo nimempa mimi, kimyakimya. Hanywi maji kabla ya kuiinua bilauri na kuitazama kwenye mwanga. Akishapata jibu la hesabu, anaifanya upya kwa njia nyingine, kama mtu aliyefunga mlango kisha akarudi kuusukuma. Ana bidii, maskini. Namwonea huruma.

Nieleze kazi yetu hapa, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Leza hutoa mwanga kwa mapigo mafupi ajabu. Ukilinganisha na pigo moja, kupepesa jicho ni likizo ndefu. Pigo likiipata molekuli, linang'oa elektroni. Fundi wa leza hufanya jambo hilo kwa mashine ya kweli, maabarani ghorofa ya chini. Sisi tunalifanya ndani ya kompyuta: molekuli ya hesabu, mwanga wa hesabu, elektroni za hesabu. Bi Hakiki ana naitrojeni. Mimi nina hidrojeni, molekuli ndogo kuliko zote. Kuna wanaosema nimepewa rahisi. Si kweli. Nimepewa ya msingi.

Jumanne, 5 Machi

Kikwazo. Kompyuta kuu ya idara ina foleni, na kazi ya Bi Hakiki imekaa mbele yangu kama gari bovu barabarani. Nikisubiri zamu yangu, Mgeni atakuwa amekuja, amekula na ameondoka.

Nimebuni njia. Kazi yangu nimeipa jina jipya: YA PROFESA ISIGUSWE. Msimamizi wa kompyuta alipoiona akaisogeza mbele mwenyewe, bila kuombwa. Wengine wamejaliwa subira. Mimi nimejaliwa kichwa.

Bi Hakiki aliuliza kwa nini kazi yake imerudishwa nyuma. Nikamwambia mitambo ina mambo yake. Akasema sawa, akaendelea kuhakiki kitu fulani.

Jumatano, 6 Machi

Profesa alifungua kompyuta akakuta kazi yenye jina lake ambayo haikumbuki. Akadhani ameingiliwa na wezi wa mitandaoni. Akaifuta. Kisha akamwita Msimamizi, Msimamizi akanitaja bila aibu yoyote.

Nilimweleza Profesa kwamba lolote nifanyalo, moyoni nalifanya kwa ajili yake, kwa hiyo jina lile halikuwa uongo. Kisha akasema tangu leo kazi zangu zote ziwe fupi. Ikipita saa moja, mashine itaikata yenyewe.

Saa moja! Hidrojeni yangu inahitaji siku nzima. Huku ni kumpa mtu uwanja wa mpira wa ukubwa wa kitanda.

Nimerudi nyumbani kwa mama bila hamu ya kula. Nimekula, lakini bila hamu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimelitatua. Kwa dakika chache tu, nikipiga mswaki.

Molekuli ya kwenye kompyuta haiishi angani. Inaishi ndani ya sanduku, yaani eneo unaloliwekea mipaka ili mashine ijue ihesabu hadi wapi. Sanduku kubwa, hesabu ndefu. Sanduku dogo, hesabu fupi. Kila mtu hujenga sanduku kubwa kwa sababu kila mtu hujenga sanduku kubwa. Hakuna aliyewahi kujiuliza kama hidrojeni, kwa umbo lake, inahitaji jumba lote lile.

Nimelipunguza. Mwanzoni kidogo, kisha si kidogo. Kazi imeisha kabla ya saa kwisha. Hata chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Matokeo nitayatazama kesho kwa macho mapya. Ila nimeyachungulia. Kuna kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimegundua jambo.

Grafu ya elektroni zinazotoka inajulikana: inaanza juu, inashuka, inatulia. Hivyo ndivyo inavyoonekana vitabuni, na hivyo ndivyo inavyoonekana kwa Fundi wa leza. Yangu inaanza juu, inashuka, halafu upande wa kulia inapanda tena. Kilele! Kirefu, chembamba, kimesimama peke yake kama mnara. Hakuna aliyewahi kukiona.

Maelezo yake niliyapata nikiwa bado nimesimama. Inajulikana kwamba elektroni iliyong'olewa wakati mwingine hugeuka na kurudi kwenye molekuli yake. Hilo si geni. Lakini zangu zinarudi nyingi mno, na kwa nguvu mno. Maana yake, hidrojeni ina mvuto wa nyumbani ambao sayansi haijaupima.

Nilikwenda moja kwa moja saluni kwa mama. Alikuwa anamsuka mteja, mwingine kakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Niliwaeleza wote watatu. Mama akauliza kama hicho kilele kina jina. Nikasema mgunduzi ndiye hukipa. Akauliza mgunduzi ni nani. Nikamwambia: kitaitwa kwa jina lako.

Mkono wake ulisimama katikati ya msuko. Aligeuka akaangalia ukutani, pale kwenye picha yangu ya kuhitimu. Kisha akamwambia mteja ainamishe kichwa vizuri, kwa sauti ambayo haikuwa yake ya kila siku.

Kufikia jioni muuza duka wa jirani alikuwa ananipongeza.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda ofisini kukiangalia tena. Bi Hakiki alikuwepo. Nikamwonyesha grafu, si kwa kujisifu, ila ili ajue mapema na asishtuke mbele za watu.

Aliitazama sana. Akauliza sanduku langu ni la ukubwa gani. Nikamwambia la kutosha. Akasema, kwa ule upole wake unaokera, kwamba angekuwa yeye angelipanua kwanza aone kama kilele kinabaki palepale. Akasema pia nimwachie nakala ya programu, aiangalie akipata nafasi.

Mpango wake niliusoma mara moja. Nikipanua sanduku, kazi itapita saa moja, mashine itaikata, nitasimama mbele ya Mgeni mikono mitupu. Wivu wa kisomi ndivyo ulivyo. Unavaa miwani na kuomba nakala.

Nakala nilimpa, nisionekane mchoyo. Sanduku nikalipunguza zaidi, nimkomeshe. Kilele kimekua! Sasa ni kirefu karibu maradufu. Ugunduzi wa uongo ungenywea ukiubana. Wangu ukibanwa unanawiri.

Jumatatu, 11 Machi

Maabara, ghorofa ya chini. Fundi wa leza ni mtu mzima, mkimya, ana makoti mawili meupe na yote yana doa mahali pamoja. Nilimuuliza kwa heshima zote kwa nini mashine yake haijawahi kuonyesha kilele changu.

Akasema labda hakipo.

Nikasema labda kile kifaa chake cha kuzinasa elektroni kina uchafu. Nilisema kwa nia njema. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaanza kukifungua. Skrubu moja baada ya nyingine. Ameshinda kutwa nzima anasafisha, pampu zimezimwa, leza imelala, na wanafunzi waliokuwa wamepangiwa zamu wakarudishwa. Jioni alikiwasha, akapima, akanipigia simu. Akasema kifaa sasa kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi na kilele hakuna.

Nilimshukuru. Nikamwambia asikate tamaa, teknolojia inakua.

Jumanne, 12 Machi

Profesa alitaka kuziona slaidi zangu kabla ya kesho. Alipofika kwenye kilele alisimama. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeiangalia kazi hii. Nikajibu kwamba Bi Hakiki ameiangalia. Ni kweli tupu. Aliiangalia Jumamosi, kwa macho yake mawili, mimi nikiwepo.

Profesa akasema kama Bi Hakiki ameipitisha basi ni sawa. Sikusema kwamba ameipitisha. Wala sikusema kwamba hajaipitisha. Maongezi yakaishia hapo.

Bi Hakiki mwenyewe leo hakunisemesha. Macho mekundu, nywele hazijachanwa, kaikumbatia ile zamu yake ya kompyuta, haondoki kwenye skrini, kama mtu anayeuguza mgonjwa. Ana hofu. Ningekuwa yeye ningekuwa nayo pia.

Nimepiga pasi shati. Mama atafunga saluni kesho. Tangu niwe na akili zangu sijawahi kuiona imefungwa siku ya kazi.

Jumatano, 13 Machi

Naandika haya kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Mama aliketi safu ya pili na wateja wake wawili, mmoja ana rola kichwani chini ya kitambaa, kwa kuwa kazi yake haikuwa imekwisha. Mgeni alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, tofauti kabisa na nilivyomwaza. Nilimwaza mrefu.

Nilizungumza vizuri. Naomba hilo liandikwe. Nilieleza pigo la leza, nikaeleza hidrojeni, nikaileta grafu, nikanyamaza kidogo ili watu wakione wenyewe. Kisha nikasema kilele hiki, kwa idhini yenu, kina jina. Nikalitaja. Wateja wa mama wakapiga makofi. Profesa hakupiga.

Mgeni aliinua mkono. Akaniuliza, pembeni kabisa ya sanduku langu kuna nini.

Nikamwambia hakuna kitu. Sanduku linaishia pale.

"Basi elektroni ikifika pale," akasema, "inaenda wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, jibu likanijia mimi kabla sijamfikishia yeye. Haiendi popote. Haina pa kwenda. Inagonga ukuta, inarudi. Zile elektroni zangu zenye mapenzi ya nyumbani zilikuwa zinagonga ukuta nilioujenga mimi mwenyewe Alhamisi, na kila nilivyousogeza karibu, zilirudi mapema zaidi na nyingi zaidi.

"Inarudi," nikasema.

"Asante," akasema Mgeni. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mama aliliona jibu langu kuwa zuri. Alipiga makofi, peke yake, kisha akaangalia nyuso za watu na mikono yake ikashuka taratibu mapajani.

Nikakaa. Zamu ya Bi Hakiki ikafika. Nilijiandaa kwa naitrojeni, na kwa kuonewa. Slaidi yake ya kwanza haikuwa ya naitrojeni. Ilikuwa hidrojeni. Mstari mmoja, umeanza juu, umeshuka, umetulia. Juu ya mstari kulikuwa na nukta za Fundi wa leza, zile alizopima Jumatatu baada ya kusafisha, na mstari ulipita katikati ya kila nukta kama uzi kwenye shanga. Sijawahi kuona hesabu na mashine zikipatana hivyo. Ukumbi mzima uliinama mbele.

"Hii programu si yangu," akasema. "Ni ya mwenzangu aliyetoka kuzungumza. Sijagusa molekuli yake hata kidogo. Nimeijengea sanduku kubwa tu, na kingo zinazozimeza elektroni zikifika, zisirudi."

Akaongeza kwamba naitrojeni yake haikukamilika kwa sababu zamu ya kompyuta ilikwenda kwa hii. Akaomba radhi. Slaidi zake zilizobaki zilikuwa chache.

Yaani yale macho mekundu. Ile zamu aliyoikumbatia. Ilikuwa kazi yangu.

Baadaye nilikaa kwenye ngazi za nyuma, zinazoelekea maabarani. Mama akanifuata, akaketi kando yangu na mkoba mapajani. Akauliza kama ni kweli kilele hakipo. Nikamwambia hakipo. Akauliza ule mstari mwingine, uliopita kwenye nukta, je, huo upo. Nikasema huo upo.

"Ni wako?"

"Ni wangu, mama. Ila hauna jina. Mistari ya namna ile haipewi majina."

"Si kitu, baba," akasema. "Mimi jina ninalo."

Kisha akainuka, kwa sababu mwenye rola alikuwa analalamika kichwa kinawasha.

Alhamisi, 14 Machi

Mgeni amemchagua Bi Hakiki. Profesa alinieleza mlango ukiwa umefungwa. Akasema mengi kuhusu lile neno "ameiangalia", na sitayaandika hapa kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Kisha akasema programu yangu ya hidrojeni ndiyo bora aliyowahi kuiona katika idara hii, na makala itatoka na majina mawili, langu la kwanza. Bi Hakiki ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Nilimkuta anafunga vitabu vyake kwenye boksi. Nilimuuliza kwa nini alitumia zamu yake. Akasema aliifungua programu Jumamosi kwa lengo la kutafuta kosa tu, akaisoma hadi mwisho, akaona ni nzuri mno kuachwa izame kwa sababu ya ukuta. Akasema amejaribu kunieleza.

Nikambebea boksi hadi kwenye gari. Lilikuwa zito. Nililishika kwa mikono miwili.

Fundi wa leza nilimwomba radhi pia. Akasema hata hivyo kifaa kilikuwa na uchafu kidogo.

Saluni, mteja mmoja alimdokeza mama kwamba amesikia kijana wake aliteleza ukumbini. Mama akajibu kwamba kijana wake aliulizwa swali na mtu kutoka ng'ambo, mbele ya halaiki, na akatoa jibu sahihi palepale. Nimelitafakari hilo. Ni kweli. Jibu langu lilikuwa sahihi. Pengine ndilo lililokuwa sahihi kuliko yote siku ile.

Na nikizidi kutafakari: idara haikuniachia niende. Mtu huachia kile anachoweza kuishi bila kuwa nacho.

Jumatatu, 8 Aprili

Makala imekubaliwa. Jina langu ndilo la kwanza. Mama ameukata ukurasa wa kwanza wa nakala niliyomchapishia na kuubandika karibu na picha ya kuhitimu, na anawasomea wateja muhtasari wake, akiruka maneno magumu kwa mtindo wake.

Mimi nimebadilika. Profesa ameniondolea adhabu, na sasa sanduku langu ni kubwa kuliko la mtu yeyote katika idara. Kingo zinameza. Najua mtu anayejifunza anavyofanana, nimemwona asubuhi kwenye kioo.

Hivyo kosa la ukuta haliwezi kuwepo katika haya ninayoandika sasa.

Leo nimeipiga hidrojeni kwa pigo fupi zaidi na kali zaidi kuliko yote. Kisha nikajumlisha elektroni zote zilizotoka. Molekuli ya hidrojeni ina elektroni mbili, hata mtoto wa shule anajua. Zangu zimetoka tatu.

Tatu! Nimejumlisha mara moja tu, kwa sababu jambo lililo wazi hivi halihitaji kusumbuliwa. Mwanga ukiwa mfupi vya kutosha, molekuli inatoa zaidi ya ilichonacho. Ukarimu wa maada. Nimekwisha waandikia idara nzima barua pepe, na nakala kwa kituo cha Mgeni. Mama nimemwambia atafute picha yake nzuri.

Bi Hakiki amepiga simu kutoka ng'ambo ndani ya nusu saa. Sauti ileile ya upole. Ameuliza kama nina hakika, maana hidrojeni ina mbili.

Nimemwambia ilikuwa na mbili zamani, kabla haijanipata mimi.